Mwanajumuiya anayesafishwa damu amekata tamaa: tumsaidieje kushika tumaini bila kumdanganya?

Katibu wa Jumuiya (Morogoro)

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu wa madhehebu mengine, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba ushauri wa wale wanaohudumia familia zilizo katika majaribu marefu. Kwenye jumuiya yetu yupo baba wa watoto watatu ambaye figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Anasafishwa damu hospitalini mara 3 kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Duka limefungwa, pikipiki imeuzwa. Mwanzoni jumuiya ilifunga na kusali novena (sala ya siku tisa), na baadhi ya watu wakatamka mbele yake kwamba Pasaka haitapita kabla hajapona. Pasaka imepita, mashine ni ile ile.

Sasa hataki tuende kusali kwake. Anasema, "Mungu kanyamaza, na ninyi mnaongea mno." Mkewe haji tena jumuiya kwa sababu wapo waliomwambia nyumba yao ina dhambi ambayo haijaungamwa. Juu ya hayo, kuna mtu amewapelekea habari za mhubiri anayeomba "mbegu", yaani atolewe fedha, ndipo amwombee.

Ninachouliza ni hiki. Tutumie sala na maandiko gani, na kwa mpangilio gani? Maneno gani tuyaache kabisa? Na msaada wa mikono tuupange vipi usije ukaisha baada ya mwezi? Naomba majibu ya kutendeka.

---

Katekista Mkongwe

Milele na milele, amina.

Katibu, anzeni na hilo hilo alilolisema. "Mungu kanyamaza" siyo kufuru wala dalili kwamba imani imekufa. Katika Zaburi 28:1 Daudi anamsihi Mungu asimnyamalie, na katika Zaburi 22 mwombaji analalamika kwamba anaita mchana wala hajibiwi. Bwana wetu alipokuwa msalabani alilia kwa mstari wa kwanza wa zaburi hiyo hiyo ya 22 (Mathayo 27:46). Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni za maombolezo. Kanisa limezitunza ili mtu aliyeishiwa maneno apate ya kuazima, na mtu huyo sasa ni huyo baba.

Mwanzoni tumieni zaburi moja tu, ya 13. Ina mistari sita. Mistari ya 1 na 2 ni malalamiko, inauliza "hata lini" mara nne. Ya 3 na ya 4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Ya 5 na ya 6 ni tumaini. Namna ya kuisali nyumbani ni hii. Msomaji mmoja asome mistari ya 1 na 2 polepole, halafu wote wanyamaze dakika mbili nzima kwa saa. Baada ya kimya, anayetaka aseme sentensi moja ya "hata lini" yake mwenyewe. "Hata lini nitakunywa maji kwa kupimiwa?" "Hata lini watoto watarudishwa shule kwa ajili ya ada?" Asijibiwe na mtu. Kisha someni mistari ya 3 na 4, na kila mmoja aombe jambo moja la wiki hiyo, siyo la mwaka: sindano iingie vizuri Jumatano, nauli ya Ijumaa ipatikane, usingizi wa leo. Ndipo msomaji asome mistari ya 5 na 6. Mgonjwa asilazimishwe kuitikia. Kama hawezi, jumuiya imsemee, kama wale wanne walivyombeba mwenye kupooza mpaka mbele ya Yesu katika Marko 2, na andiko linasema Yesu aliiona imani *yao*. Malizeni na Baba Yetu. Yote hayapiti dakika 15.

Panapoharibika ni pale kiongozi anapokimbilia mstari wa 5. Kimya kinamtia hofu, anaanza kuhubiri, na mgonjwa anaelewa kwamba huzuni yake haina nafasi katika ibada. Akishaelewa hivyo atafunga mlango, na ndicho kilichotokea kwenu. Kosa la pili ni kuanza na Zaburi 91. Ni neno la Mungu nayo ina wakati wake. Lakini kumsomea mtu ambaye tauni imekwisha kuikaribia hema yake kwamba haitaikaribia, ni kumwambia kimyakimya kwamba yeye siyo wa Mungu. Mkumbuke pia kwamba zaburi hiyo ndiyo Shetani aliyoitumia kumjaribu Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu (Mathayo 4:6). Ahadi iliyong'olewa mahali pake inaweza kuwa jaribu.

Kaeni na zaburi moja wiki nzima. Baada ya ya 13, nendeni 42 pamoja na 43. Hizo mbili husaliwa kama moja kwa sababu kiitikio ni kile kile mara tatu (42:5, 42:11 na 43:5): "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Anayesali hapo anaisemesha nafsi yake mwenyewe, na inambidi arudie mara tatu kwa sababu mara ya kwanza haikutosha. Mfundisheni mgonjwa kiitikio hicho peke yake. Kinatosha akiwa kwenye mashine.

Wiki ya tatu, Zaburi 88. Msiiogope. Ndiyo zaburi isiyo na mwanga mwishoni, inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kufungia gizani. Katika Sala ya Usiku ya Kanisa, zaburi hii ndiyo ya kila Ijumaa, na huyo baba Ijumaa jioni ndiyo kwanza anatoka kwenye mashine akiwa amechoka. Mwambieni kwamba usiku huo wapo mapadre, watawa na walei nchi nyingi wanaolisali hilo giza kwa niaba ya walio kama yeye. Baada yake nendeni ya 130, ambayo inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi.

Angalizo dogo: vitabu vingine vya sala vinatumia hesabu ya kale ya Zaburi, ambapo kuanzia ya 10 hadi 147 namba kwa sehemu kubwa huwa nyuma kwa moja. Angalieni maneno ya mwanzo msije mkasali tofauti mkidhani mpo pamoja.

Mwisho, mwiteni padre kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa kama bado. Wengi wanaukimbia wakidhani ni wa kufia. Siyo hivyo. Ni kwa ajili ya mgonjwa aliye katika hali nzito, na unaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Ombeni pia apelekewe Komunyo siku ambazo haendi hospitali, kwa sababu siku za mashine hana nguvu hata ya kukaa.

---

Muuguzi wa Figo

Shalom wapendwa. Katekista ameeleza ya roho vizuri, mimi niongeze ya mwili, maana jumuiya nyingi zinamuumiza mgonjwa wa figo kwa upendo kabisa.

La kwanza ni matunda. Watu wakienda kumwona mgonjwa hubeba ndizi, machungwa, parachichi, juisi ya maembe na maji ya dafu. Figo iliyoshindwa haitoi potasiamu, na vyakula hivyo vimejaa potasiamu. Ikipanda mno katika damu, moyo unaweza kupiga vibaya hadi kusimama, bila onyo la kutosha. Nyanya nyingi, viazi na mboga za majani zina shida hiyo hiyo. Kuzikata vipande, kuzichemsha kwenye maji mengi na kumwaga maji hayo hupunguza. Mwombeni mkewe orodha aliyopewa kliniki, iwekwe kwenye simu ya kila anayepika. Chumvi nayo ipungue, kwa sababu inaleta kiu, na kiu inaleta maji.

Maji yenyewe ni kwa kipimo. Wagonjwa wengi hawakojoi tena au wanakojoa kidogo, kwa hiyo kila anachokunywa kinabaki mwilini mpaka siku ya mashine. Anayekwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ana pengo refu mwishoni mwa wiki. Jumapili jioni ndipo miguu inavimba na pumzi inabana. Sasa jumuiya nyingi hukutana lini? Jumamosi au Jumapili, kukiwa na soda na chai. Mkikutana kwake siku hizo, msimpe kikombe kwa mazoea, na ninyi msinywe mbele yake. Hata "maji ya baraka" yanayotolewa kwa chupa nzima yanahesabika kwenye kipimo chake. Anayetaka ibada, tone moja kwenye paji la uso linatosha.

Kufunga asifunge bila ruhusa ya daktari, hasa kama ana kisukari na anachoma insulini. Hata sheria ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa kufunga. Jumuiya ifunge kwa niaba yake. Na mkesha wa usiku kucha nyumbani kwake usiwepo.

Halafu kuna mkono. Kama ametengenezewa njia ya damu mkononi, ile inayoitwa fistula, mkono huo haushikwi kwa nguvu, hauvutwi, haupimwi presha, haulaliwi wala haubebi mzigo. Kwenye maombi ya kuwekea mikono watu hushika popote kwa hamasa. Njia hiyo ikiziba, anahitaji upasuaji mwingine. Wekeni mkono begani upande wa pili, kwa upole. Kama ana mpira wa kusafishia damu shingoni au kifuani, msipake mafuta karibu na bandeji na isilowe, kwa kuwa vijidudu vikiingia hapo vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Anayepaka mafuta apake paji la uso na viganja, inatosha kabisa.

Dawa za miti kutoka kwa "mtumishi" zisiingie mwilini bila daktari kuziona. Na mtu yeyote asimwambie aache mashine ili kuonyesha imani. Akikosa awamu hata moja, maji na sumu vinarundikana. Akikosa kadhaa, ni kifo.

Jambo moja zito. Kwa mgonjwa wa muda mrefu, kukata tamaa kunaweza kuwa sonona, ambayo nayo ni ugonjwa. Kama kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, amekosa furaha hata kwa watoto, hali chakula, hapati usingizi au analala mno, anajiona mzigo, apelekwe aonwe. Akisema "nimechoka na mashine" msimkemee. Muulizeni kwa utulivu, uso kwa uso: "Baba, umefikiria kufa, au kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango wa kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu za shambani na dawa nyingi ziondolewe nyumbani, na siku hiyo hiyo aende hospitali. Wanaomtibu figo wanaweza kumpeleka kwa daktari wa afya ya akili.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe, chini ya mti wa mretemu. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye, katika mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Fuateni mpangilio huo: usingizi, chakula kinachomfaa, tena chakula, ndipo maneno.

---

Mchungaji wa Mtaa (KKKT)

Bwana asifiwe. Nijibu la maneno ya kuacha, kwa sababu hapo ndipo huyo ndugu alipojeruhiwa.

Someni Yeremia 28 na 29 kwa pamoja, jumuiya nzima, kabla ya kwenda kwake tena. Watu wa Yuda wamekwisha kuchukuliwa Babeli. Anasimama nabii Hanania hekaluni, anatamka kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka 2 vyombo na mateka vitarudi. Watu wanapenda kusikia hivyo. Yeremia anaitika "Amina", anatamani iwe hivyo, lakini baadaye anatumwa kumwambia Hanania kwamba anawatumainisha watu uongo. Kisha anawaandikia mateka barua: itakuwa miaka 70. Ndani ya barua hiyo, baada ya ile 70 ya mstari wa 10, ndipo ulipo mstari wa 11 tunaoubandika ukutani, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, na tumaini siku za mwisho. Waliousikia mara ya kwanza, wengi wao hawakuiona Yerusalemu tena. Mungu hakuwadanganya, na tumaini lilikuwa la kweli, ila halikuwa na tarehe ya Hanania.

Waliotamka Pasaka walifanya kazi ya Hanania, hata kama walipenda. Inafaa mtu mmoja aende kwake kwa niaba ya wote aseme wazi: "Tulikuahidi tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Tusamehe." Bila maelezo, bila "lakini". Msipofanya hivi kwanza, zaburi zote hizo ataziona kama mbinu mpya ya maneno yale yale.

Angalieni pia Yeremia aliwaambia mateka wafanye nini (29:5-7): jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto, uombeeni mji amani. Na katika sura ya 32, mji ukiwa umezingirwa na yeye kifungoni, ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, anapima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi, na hati inatiwa ndani ya chombo cha udongo ikae siku nyingi. Tumaini lilionekana kwa hati na mizani. Huyo baba naye ana siku nne kwa wiki ambazo hayuko kwenye mashine. Mpeni kazi ndani ya kipimo cha nguvu zake. Alikuwa na duka, basi anajua hesabu: atunze daftari la jumuiya, afundishe kijana mmoja kuendesha biashara ndogo, asikilize watoto wawili wakikariri katekisimu kwa nusu saa. Anayepokea tu kila siku hujiona mzigo. Kazi iwe ya kweli, yenye watu wanaoitegemea, siyo ya kumpa moyo. Na mlio na wasiwasi kwamba atachoka: muulizeni yeye, msimwamulie.

Mstari wa Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, nao ni wa kweli, ila usisomwe peke yake. Anzeni mstari wa 18, mpite kwenye kuugua kwa viumbe vyote, kuugua kwetu, na Roho mwenyewe akituombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukifika wa 28 kwa njia hiyo unafariji. Ukirushwa peke yake mlangoni unakuwa kofi.

Kuhusu dhambi iliyofichwa: Yohana 9:3, wala huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kunena neno (Ayubu 2:13), na hapo walikuwa sawa. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa ndipo walipopotea, na mwishoni Mungu mwenyewe anawakasirikia kwa kutonena yaliyo sawa (42:7). Na anayesema imani yake ni ndogo, aulizwe kuhusu Trofimo, ambaye Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Aulizwe kuhusu Paulo mwenyewe, aliyeomba mara tatu mwiba uondoke, akajibiwa kwamba neema inatosha, na mwiba ukabaki.

Na hilo la mbegu likataliwe waziwazi. Katika 2 Wafalme 5, Naamani alipona ukoma akataka kulipa. Elisha alikataa kabisa. Gehazi alimfuata njiani kwa uongo, akapata talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na ukoma wa Naamani ukamshika. Familia inayouza mali ili mgonjwa asafishwe damu haidaiwi senti na yeyote anayeomba kwa jina la Yesu. Mama huyo anahitaji kusikia hilo kutoka kwa kiongozi, siyo kwa uvumi.

---

Mweka Hazina wa Parokia

Nijibu la tatu kwa hesabu, kwa sababu huruma isiyopigiwa hesabu huisha haraka.

Mara 3 kwa wiki ni safari 156 kwa mwaka. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni nauli 12 kila wiki. Zidisheni kwa nauli ya kwenu, hiyo ndiyo bajeti ya kwanza. Jumuiya yenye kaya 20 ikigawana usindikizaji, kila kaya inatoka mara 8 hivi kwa mwaka, haifiki hata mara moja kwa mwezi. Andikeni ratiba ya miezi mitatu mitatu, yenye jina la kaya na jina la akiba. Pengo hutokea msimu wa kupanda na wa kuvuna, kwa hiyo miezi hiyo wapangieni wafanyakazi wa ofisini na vijana.

Mchango mkubwa wa mara moja unafurahisha lakini haumvushi mtu mwaka. Bora kila kaya itoe kiasi kidogo kila mwezi, kipokelewe na watu wawili, kiandikwe kwenye daftari, na mkewe apewe fedha ya wiki mbili mbele bila kuiomba. Kuomba kila mara ndiko kunakovunja utu. Picha za mgonjwa akiwa kwenye mashine zisirushwe kwenye makundi ya simu ili kuchangisha, isipokuwa yeye mwenyewe ameridhia.

Msiache kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hospitali za serikali zina utaratibu wa kupima uwezo wa familia na kutoa msamaha wa gharama. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa. Na daktari aulizwe mapema kuhusu kupandikizwa figo. Nchini huduma hiyo ipo, Muhimbili walianza mwaka 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Ila hapa jumuiya ikae mbali na jambo moja: msimshinikize ndugu yeyote atoe figo kwa kumhubiria sadaka ya msalaba. Ni lazima atoe kwa hiari yake, akiwa amepimwa na kuelezwa, na akikataa asinyooshewe kidole.

---

Katibu wa Jumuiya (Morogoro)

Mungu awabariki sana. Nimeandika yote. Yamebaki mawili. Mtoto wao wa miaka 9 alimuuliza mama yake kama Mungu anamchukia baba, mama akakosa jibu. Na ziara ya kwanza, baada ya hayo yote, ianzeje?

---

Muuguzi wa Figo

Mtoto wa umri huo anahitaji ukweli mfupi. Aambiwe jina la ugonjwa: figo za baba zimeacha kusafisha damu, mashine inafanya kazi yake. Aambiwe mambo matatu ambayo watoto huyaogopa bila kuyasema: hauambukizi, siyo kosa lake, na kuna mtu wa kumtunza kila siku baba akiwa hospitali (atajwe kwa jina). Akiuliza kama baba atakufa, asiambiwe "hapana, kamwe". Aambiwe, "Ugonjwa ni mkubwa, madaktari wanafanya kazi, na sisi tupo na wewe." Aendelee na shule na michezo. Apewe kazi ndogo ya kwake, kwa mfano kuweka alama kwenye kalenda kila siku ya mashine, lakini asigeuzwe muuguzi wa kupima maji ya baba. Hiyo ni kazi ya watu wazima.

---

Katekista Mkongwe

Kwa swali lenyewe la mtoto, mama amjibu kwamba hapana, Mungu hamchukii baba. Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro, rafiki yake, alilia (Yohana 11:35), hata akijua atakalofanya. Amwambie anaruhusiwa kumwuliza Mungu "kwa nini", hata kwa hasira, na wasali wote wawili ule mstari mmoja wa "hata lini". Mtoto wa miaka 9 anauelewa vizuri.

Ziara ya kwanza waende watu wawili tu, wanaofahamika kwake, na mmoja awe mwanamke atakayekaa na mama. Waende Jumanne au Alhamisi saa kumi jioni, wakiwa wameomba ruhusa kwa simu. Wasibebe Biblia mkononi siku hiyo. Mmoja aseme yale maneno ya kuomba radhi aliyoeleza mchungaji, kisha anyamaze. Kama baba atafoka, asikilizwe mpaka amalize. Kama atanyamaza, wakae naye kimya. Dakika 20 zinatosha. Kabla ya kuondoka waulize swali moja, "Ijumaa nani akusindikize, na saa ngapi tuje?" Wasisali kwa sauti ila yeye mwenyewe akiwataka wasali. Sala waifanye njiani wakirudi. Na Ijumaa huyo aliyetajwa awe mlangoni robo saa kabla.